Nagasaki: Hori Moja, Mabonde Mawili

Mtu wa pwani akionyeshwa ramani ya mji asioujua, jicho lake huanzia majini. Huuliza kwanza vyombo hutia nanga wapi, upepo huingilia upande gani, na mawimbi ya bahari kuu huvunjikia wapi. Habari za majumba na watawala huja baadaye. Ukiitazama Nagasaki kwa jicho hilo utaona kuwa bandari ilitangulia, na mji ukafuata nyuma yake.

Nagasaki iko magharibi ya Kyushu, kisiwa cha kusini katika vile vinne vikubwa vya Japani, upande unaoelekeana na Uchina. Jina lenyewe lina maana ya rasi ndefu. Hori yake ni nyembamba, imepenya nchi kavu kutoka kusini-magharibi, na vilima vimeikumbatia pande tatu. Chombo kikishaingia humo, tufani ya nje huwa habari ya kusimuliwa tu. Ardhi ya tambarare ni haba mno, ndiyo maana nyumba zimepanda vilimani, moja juu ya nyingine, zikaunganishwa kwa ngazi za mawe ambazo gari haliwezi kuzipita na ambazo wazee wa mji huzihesabu kila siku kwa magoti yao.

Mito miwili humimina maji yake katika hori hiyo. Mmoja ni Nakashima, utokao mashariki, na katika bonde lake ndimo ulimokua mji wa wafanyabiashara. Wa pili ni Urakami, ushukao kutoka kaskazini, na bonde lake lilikuwa la wakulima kwa karne nyingi. Baina ya mabonde hayo mawili umesimama mlima Konpira, wenye kimo cha mita 366. Namwomba msomaji ayaweke moyoni mabonde hayo na mlima ulio katikati yao. Vitabu vingi vinapoitaja Nagasaki huizungumza kama kitu kimoja, nami nadhani hapo ndipo vinapopotea njia.

Pepo za huko nazo hazitamshangaza msomaji wa visiwani. Wakati wa kiangazi cha kaskazini upepo huvuma kutoka kusini-magharibi ukisukuma vyombo kuelekea Japani. Majira ya baridi yakikaribia hugeuka, ukavuma kutoka kaskazini na kuvirudisha. Meli za Macao, na baadaye za Batavia, zilikuja na upepo wa kwanza na kuondoka na wa pili, kama vile majahazi ya Ghuba na ya Bara Hindi yalivyokuwa yakija kwetu kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Mji unaoishi kwa pepo za misimu huwa na tabia zake. Kwa miezi kadhaa husinzia. Kisha siku moja tanga huonekana kwenye upeo wa macho, na mji mzima ukakurupuka.

Hata hivyo, hadi katikati ya karne ya 16 hapakuwa na lolote pale isipokuwa kijiji cha wavuvi. Wareno walikuwa wamekwisha kufika Japani na walikuwa wakitangatanga katika bandari za Kyushu wakitafuta mahali pa salama. Bwana mmoja wa nchi hiyo, Omura Sumitada, aliyebatizwa mwaka 1563 na kuwa wa kwanza miongoni mwa mabwana wa Japani kuingia Ukristo, aliwafungulia hori yake mwaka 1570, na mwaka uliofuata meli ya kwanza ikatia nanga. Mwaka 1580 alikwenda mbali zaidi: aliwakabidhi mapadri Wajesuti mji wenyewe. Imani ilikuwamo, lakini hesabu pia zilikuwamo. Sumitada alizungukwa na maadui, na meli ya Macao ilileta hariri, na hariri ilileta fedha, na fedha ilinunua bunduki.

Wareno hao walikuwa wamepitia kwetu kabla ya kufika huko. Njia yao kutoka Lisbon ilipita kisiwa cha Msumbiji, kisha Goa, Malaka na Macao, na katika meli zao walikuwamo watu wa pwani hii, wengine mabaharia, wengi watumwa. Wachoraji wa Kijapani wa zama hizo, walipochora kwenye mapazia yao ya kukunja jinsi meli za wageni zilivyowasili, hawakusahau kuwachora Waafrika wakipanda milingoti na kuwashikia mabwana zao miavuli. Mmoja wao, aliyejulikana kwa jina la Yasuke, alifika Kyushu mwaka 1579 pamoja na padri Alessandro Valignano, akaishia kuwa mtumishi wa silaha wa Oda Nobunaga, bwana mwenye nguvu kuliko wote Japani wakati ule. Mwandishi mmoja wa karne ya 17 alisema asili yake ni Msumbiji.

Safari ilikuwa pia ya upande wa pili. Mwezi wa Februari 1582 vijana wanne wa Kijapani walipanda meli Nagasaki wakapelekwa na Wajesuti kumwona Papa. Walikuwa Ito Mancio, Chijiwa Miguel, Nakaura Julião na Hara Martinho, na walipoondoka walikuwa bado wavulana. Wakati wa kurudi pepo ziliwakatalia, wakalazimika kukaa kisiwani Msumbiji kuanzia mwaka 1586 hadi Machi 1587 wakingoja msimu. Kwa hiyo kuna Wajapani wanne waliokaa miezi mingi wakilitazama jua likichomoza kutoka bahari yetu, zaidi ya miaka 400 iliyopita. Walifika kwao mwaka 1590 na kuikuta nchi imebadilika. Mancio alifariki Nagasaki mwaka 1612. Miguel aliiacha dini. Martinho alifukuzwa nchini, akafia Macao mwaka 1629. Julião alijificha akiwahudumia waumini hadi alipokamatwa, na mwaka 1633 aliuawa Nagasaki, katika bandari ileile aliyoondokea, kwa kuning'inizwa kichwa chini ndani ya shimo.

Lugha nayo ilibeba shehena yake. Wajapani walichukua kwa Wareno neno karuta, sisi tukachukua karata, nayo ni karatasi zilezile za mchezo. Sisi tulipata meza, leso na mvinyo, wao wakapata pan kwa mkate na botan kwa kifungo cha nguo. Mkate mtamu uitwao kasutera, fahari ya Nagasaki mpaka leo, hupigwa kwa mayai, sukari na unga bila ya siagi wala mafuta. Mama yeyote wa Unguja akiuonja atasema huu ni mkate wa mayai, basi tu umekatwa vizuri.

Ama watawala walioiunganisha Japani, hao waliitazama Nagasaki kwa macho mawili. Jicho moja liliona faida ya hariri, la pili likaona watu wanaomtii bwana aliyeko Roma. Toyotomi Hideyoshi aliamuru mapadri waondoke mwaka 1587, na mwaka uliofuata akauchukua mji uwe chini yake mwenyewe. Tarehe 5 Februari 1597 Wakristo 26, wageni sita na Wajapani 20, walisulubiwa kwenye kilima cha Nishizaka, juu ya bandari, baada ya kutembezwa kwa miguu kutoka Kyoto katikati ya baridi. Mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 12. Nagasaki ilichaguliwa kwa sababu ndiko walikokuwa wengi wa kutishwa. Utawala wa Tokugawa ulipokuja uliipiga marufuku dini hiyo nchi nzima mwaka 1614, na kwenye kilima kilekile watu 55 waliuawa kwa siku moja mwaka 1622, wengine kwa moto na wengine kwa upanga.

Swali la watawala lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulitenda: vipi tutapata bidhaa za wageni bila ya wageni wenyewe? Jibu lao lilikuwa kisiwa. Wafanyabiashara 25 wa Nagasaki walitakiwa watoe fedha zao, na mwaka 1636 kikakamilika kisiwa cha kutengenezwa kwa mikono mbele ya ile rasi, chenye umbo la upepeo, mita 120 hivi kwa 75. Kiliitwa Dejima. Wareno wakatiwa humo na kutozwa kodi ya kukaa kifungoni. Lakini mwaka 1637 wakulima wa Shimabara na Amakusa, wengi wao Wakristo, waliasi kwa njaa na kodi. Uasi ulipozimwa kwa mauaji ya kutisha, Wareno walifukuzwa kabisa mwaka 1639. Macao ilituma wajumbe mwaka 1640 kuomba radhi. 61 kati yao walikatwa vichwa, na mabaki waliachwa hai ili wapeleke habari. Kisiwa kikabaki kitupu, na wafanyabiashara waliokijenga wakilia hasara. Ndipo mwaka 1641 Waholanzi wa Kampuni ya India ya Mashariki wakahamishiwa humo kutoka Hirado, nao wakakaa zaidi ya miaka 200.

Kuna daraja moja lililounganisha Dejima na nchi kavu, na mbele yake bango la amri. Lilikataza wanawake wasivuke isipokuwa makahaba, likakataza watawa isipokuwa wa mlima Koya, na likakataza ombaomba. Waholanzi wenyewe aghalabu hawakufika 20, pamoja na watumwa wao kutoka visiwa vya Java na jirani zake, ambao wachoraji wa Nagasaki waliwachora wakicheza mpira wa vinyoya na kupiga ngoma. Mara moja kwa mwaka, na baadaye mara moja kwa miaka kadhaa, mkuu wao alisafiri hadi Edo kumsujudia shogun. Siku nyingine zote alitembea kutoka ncha moja ya upepeo hadi nyingine, akihesabu hatua na kungoja upepo.

Si haki kuwataja Waholanzi peke yao. Wachina walikuwa wengi zaidi na biashara yao ilikuwa kubwa zaidi, ila nao mwaka 1689 walijengewa mtaa wao uliozungushiwa ukuta. Mahekalu yao, vyakula vyao na ngoma ya joka vingalipo mjini. Daraja la mawe la mviringo mara mbili juu ya mto Nakashima, ambalo kivuli chake majini hulifanya lionekane kama miwani, lilijengwa mwaka 1634 kwa uongozi wa mtawa wa Kichina. Kila Oktoba, katika sherehe ya Kunchi ya hekalu la Suwa, iliyoanza mwaka huohuo, vijana wa mitaa husukuma na kuzungusha meli ya Kiholanzi ya mbao, na wengine huchezesha joka la Kichina. Mji uliowafungia wageni milango umewaingiza wageni hao katika ngoma zake. Hekalu lenyewe, tusisahau, lilisimamishwa upya mwaka 1625 na kuungwa mkono na liwali wa shogun kwa makusudi ya kuufuta Ukristo.

Waliokuwa na ufunguo wa kweli wa mlango huo, kwa maoni yangu, si malaiwali wala Waholanzi. Ni wakalimani. Hizi zilikuwa koo za Nagasaki zilizorithishana kazi kutoka baba kwa mwana, zikijifunza Kiholanzi kwa sikio na baadaye kwa vitabu. Kupitia kwao elimu ya utabibu, nyota na ramani ilivuja kidogo kidogo, mpaka vijana kutoka kila upande wa Japani wakawa wanafunga safari kuja kusoma Nagasaki. Daktari Philipp Franz von Siebold, aliyefika mwaka 1823, alifungua shule na zahanati nje ya Dejima, akakusanya mimea na wanyama, akapata binti na mwanamke wa Nagasaki. Kisha akakutwa na ramani zilizokatazwa, akafukuzwa mwaka 1829. Binti huyo, Kusumoto Ine, alikua akawa mmoja wa madaktari wa kwanza wa kike nchini katika tiba ya Kimagharibi. Chanjo ya ndui iliyofaulu Japani ilianzia Nagasaki mwaka 1849.

Nao mpenzi wa maneno atafurahi kusikia hili. Japani ya karne hizo huitwa sakoku, yaani nchi iliyofungwa. Neno hilo halikubuniwa na shogun wala mawaziri wake. Lilibuniwa mwaka 1801 na mkalimani mstaafu wa Nagasaki, Shizuki Tadao, alipokuwa akitafsiri insha ya Engelbert Kaempfer, daktari aliyewahi kuishi Dejima miaka ya 1690. Zaidi ya miaka 150 nchi ilifungwa bila ya kuwa na jina la kufungwa kwake, mpaka mtu aliyesimama mlangoni alipolitoa katika kitabu cha mgeni. Nagasaki ndiyo pia iliyomzaa Mukai Kyorai mwaka 1651, mmoja wa wanafunzi wakubwa wa Basho katika ushairi wa haiku. Baba yake alikuwa tabibu na mwanachuoni wa mjini humo.

Sasa tuvuke mlima twende bonde la pili.

Urakami haikuwa na hariri wala wakalimani. Ilikuwa vijiji vya wakulima, na wakulima hao walikuwa wamebatizwa tangu zama za Wajesuti. Kila mwaka waliitwa waikanyage picha takatifu mbele ya wakuu ili kuthibitisha kuwa wameikana imani yao. Waliikanyaga, wakarudi nyumbani, wakatubu. Padri wa mwisho aliuawa mwaka 1644. Tangu hapo walijipangia wenyewe: mmoja alihifadhi kalenda ya sikukuu, mmoja alibatiza, wengine walipita nyumba kwa nyumba na habari. Sala za Kilatini na Kireno zilirithishwa kwa mdomo mpaka maneno yakachakaa na maana zikapotea, lakini sauti zikabaki. Sanamu ya Kannon wa Kibudha akiwa na mtoto ilitosha kuwa Mariamu. Yote hayo yalitendeka mwendo wa saa moja tu kwa miguu kutoka ofisi ya liwali.

Bandari ilipofunguliwa mwaka 1859 kwa mikataba na mataifa ya Magharibi, wageni walijenga nyumba zao kwenye kilima cha kusini. Mskochi Thomas Glover alijenga yake mwaka 1863, akauza chai, meli na bunduki. Watalii huonyeshwa nyumba hiyo pamoja na hadithi ya opera ya Puccini iliyotungwa juu ya mji huu na mtu asiyewahi kuukanyaga. Ningekuwa mimi, ningewaonyesha kanisa la Oura lililo karibu yake. Huko, tarehe 17 Machi 1865, padri Mfaransa Bernard Petitjean aliwakuta mlangoni watu kiasi cha 15 kutoka Urakami. Mwanamke mmoja alimkaribia akamnong'oneza kuwa moyo wao ulikuwa mmoja na wake, kisha akamuuliza ilipo sanamu ya Mariamu. Miaka zaidi ya 200 ya kujificha ilimalizika kwa swali hilo.

Ilimalizika, lakini adhabu haikumalizika. Kuanzia mwaka 1867 wakuu waliwakamata watu wa Urakami. Serikali mpya ya Meiji, iliyojisifu kwa maendeleo, ikawahamisha watu wapatao 3,400, takribani kijiji kizima, ikawatawanya sehemu mbalimbali za nchi. Zaidi ya 600 walifia uhamishoni. Marufuku iliondolewa mwaka 1873 kwa lawama za nchi za nje, na waliosalia wakarejea kwenye mashamba yaliyoota magugu. Walinunua kiwanja cha yule mkuu wa kijiji aliyekuwa akiwakanyagisha picha, na juu yake, kuanzia mwaka 1895, wakajenga kanisa la matofali mekundu kwa senti zao. Walilimaliza mwaka 1914, na minara yake miwili ikasimama mwaka 1925. Bonde lilikuwa limeshaingizwa katika mji wa Nagasaki mwaka 1920. Kwenye karatasi, mabonde mawili yalikuwa mji mmoja.

Wakati huohuo hori ilikuwa imebadili kazi. Yokohama na Kobe zilichukua biashara, Nagasaki ikageukia makaa ya mawe na chuma. Karakana ya meli iliyoanzishwa na utawala wa shogun iliingia mikononi mwa Mitsubishi katika miaka ya 1880. Katika meli za makaa zilizoondoka bandari za eneo hilo walisafirishwa pia mabinti wa maskini wa Shimabara na Amakusa, kuuzwa katika madanguro ya Shanghai, Singapore na mbali zaidi. Wachache walifika hadi Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Wenzetu walioishi Shangani siku hizo waliwaona, na sidhani kama wengi waliwauliza wametoka kijiji gani.

Ufinyu wa hori ulidhihirika tarehe 1 Novemba 1940, siku ya kushushwa majini manowari Musashi, mojawapo ya mbili kubwa kuliko zote zilizowahi kujengwa. Kwa miaka miwili ilikuwa imefichwa nyuma ya mapazia makubwa ya kamba za nyuzi za mnazi wa Kijapani, na siku hiyo wakazi waliamriwa wakae ndani. Lakini manowari ilipoteleza ikaingia majini, hori iliinuka, na wimbi likavuka likaingia katika nyumba za ng'ambo. Watu waliokatazwa kuchungulia dirishani walipata habari kupitia miguu yao iliyolowa.

Tarehe 9 Agosti 1945 ndege ya Kimarekani iliyobeba bomu la plutoni ilikusudia mji wa Kokura. Ilizunguka mara tatu, ikakosa kuuona kwa mawingu na moshi, na mafuta yakipungua ikaelekea Nagasaki. Shabaha iliyokusudiwa hapo ilikuwa katikati ya mji, katika bonde la Nakashima. Huko nako kulikuwa na mawingu. Yalifunguka kidogo upande wa kaskazini, na saa 5 na dakika 2 asubuhi bomu lilipasuka mita 500 juu ya Urakami, kiasi cha kilomita tatu kutoka shabaha yake. Kanisa lilikuwa umbali wa nusu kilomita. Waumini walikuwa ndani wakiungama kwa maandalizi ya sikukuu ya Kupalizwa Mariamu. Katika Wakatoliki 12,000 wa bonde hilo, inakadiriwa 8,500 walikufa. Kwa jumla, kufikia mwisho wa mwaka, waliokufa walikadiriwa kuwa watu 74,000, wakiwamo maelfu ya Wakorea walioletwa kufanya kazi viwandani. Wamo pia mateka wa vita wachache katika kambi iliyokuwa mjini, Waholanzi miongoni mwao. Waholanzi kwa mara nyingine wakiwa wafungwa wa Nagasaki.

Mlima Konpira ulisimama katikati. Ulizuia joto na mshindo, na sehemu kubwa ya mji wa kale, mahekalu yake na daraja lake la miwani, ikasalimika, ingawa moto uliteketeza mitaa kadhaa. Bonde lililolengwa lilipona, na bonde lililo nyuma ya mlima likateketea.

Hapa ndipo penye jambo gumu ambalo hesabu za vifo haziwezi kulisema. Baada ya vita walikuwapo watu wa mji wa kale waliosema kuwa bomu halikuangukia Nagasaki, liliangukia Urakami. Kwamba hekalu la Suwa liliwalinda walio wake. Tukumbuke lilisimamishwa kwa ajili gani. Kwa upande wa pili wa mlima, daktari Nagai Takashi, mtaalamu wa mionzi na Mkatoliki aliyempoteza mkewe katika bomu hilo, aliwaambia wenzake mwezi wa Novemba 1945 kuwa Urakami ilichaguliwa iwe sadaka ya kuteketezwa ili vita viishe. Aliyasema mbele ya magofu ya kanisa, kwa watu waliokuwa wakiambiwa kuwa wamepigwa kwa dhambi zao, na yeye mwenyewe alikuwa akifa polepole kwa saratani ya damu. Kitabu chake kuhusu kengele za Nagasaki kilitoka mwaka 1949, naye akafariki 1951. Mwaka 1972 mshairi Yamada Kan, naye mtu wa Nagasaki aliyepigwa na bomu hilo, aliandika kuyapinga maneno hayo vikali: bomu likiwa ni sadaka ya Mungu, basi aliyelirusha hana la kuulizwa. Nimeyasoma ya wote wawili kwa muda mrefu. Naona Nagai alisema neno la kuwafariji waliobaki, na neno lile likawafaa pia ambao hawakustahiki kufarijiwa. Yamada alikuwa na haki.

Magofu ya kanisa yalisimama hadi mwaka 1958, na wapo waliotaka yahifadhiwe kama yalivyohifadhiwa ya Hiroshima. Yalibomolewa, kanisa jipya likajengwa mwaka 1959, na kipande kimoja cha ukuta kikahamishiwa kwenye bustani ya mahali bomu lilipopasukia. Walionusurika ndio waliobaki kuwa magofu yanayosema. Chama chao cha nchi nzima, Nihon Hidankyo, kiliundwa Nagasaki mwezi wa Agosti 1956, na mwaka 2024 kilipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, aliyehutubia Oslo alikuwa Tanaka Terumi, aliyekuwa na miaka 13 mjini Nagasaki siku ile. Yupo pia Yamaguchi Tsutomu, mhandisi wa Mitsubishi aliyepigwa na bomu Hiroshima akiwa safarini, akarudi kwao Nagasaki na kupigwa na la pili. Alitunga tanka, mashairi mafupi ya mizani 31, na kuyatoa kitabuni mwaka 2002, miaka minane kabla ya kufariki.

Vilima vilivyolinda havikuacha kudai. Usiku wa tarehe 23 Julai 1982 mvua kubwa iliporomosha miteremko, na watu 299 walikufa au kupotea katika jimbo la Nagasaki. Daraja la miwani, lililovuka salama mwaka 1945, lilivunjwa nusu na mafuriko, likajengwa tena kwa mawe yake yaliyookotwa mtoni. Sensa ya 2020 ilihesabu watu takribani 409,000, na idadi yazidi kushuka, maana vijana wanazikimbia zile ngazi. Dejima nayo ilimezwa na nchi kavu zama za Meiji, bahari ikajazwa udongo pande zote. Majengo yake yamejengwa upya, na mwaka 2017 kikatandikwa tena daraja la kuingilia, ila maji yako upande mmoja tu, ya mfereji mwembamba.

Kanisa la Urakami lilikuwa na kengele mbili. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1945 moja ilifukuliwa katika kifusi ikiwa nzima, ikatundikwa juu ya magogo na kupigwa. Ya pili ilikuwa imevunjika. Wakatoliki wa Marekani walichanga fedha za kuifidia, na tarehe 9 Agosti 2025, saa 5 na dakika 2, zote mbili zililia pamoja. Kwa miaka 80 kengele ya pili haikusikika.